Leoncio Zulueta, Mrushaji wa Mkono wa Kushoto, na Mdogo Wake Aliyemdakia

Ndugu na jamaa, wanachama wa chama chetu cha kusaidiana, na ninyi mliocheza naye: leo, Ijumaa tarehe 12 Machi 1954, hapa Ybor City, Tampa, tunamzika Leoncio Zulueta. Maneno haya yameandikwa na binti yake, Obdulia, kama alivyoelezwa na mama yake, Bi Fermina, jikoni, wakati Bi Fermina akipiga pasi shati ambalo marehemu amelivaa sasa. Hakulia alipokuwa akieleza. Watu wamemwuliza mbona halii, naye amewajibu kwamba hajui, machozi yakija atawaita. Alitoa sharti moja: "Andika yote. Jina la yule usiandike." Kwa hiyo yupo mtu mmoja katika maisha haya ambaye ataitwa mdogo wake, mwanzo hadi mwisho. Wengi wenu mnamjua, na miaka yote mmefunga midomo. Familia inawashukuru kwa hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Septemba 1903 katika kambi ya kiwanda cha sukari cha Santa Aurelia, karibu na Jovellanos, mkoa wa Matanzas, Kuba. Baba yake alikuwa mkata miwa, naye alifariki kwa homa kabla mtoto hajatembea. Mama yake, Dominga Zulueta, alikuwa dobi. Alifua nguo za wakata miwa, za makarani na za meneja, na alikuwa akisema kwamba uchafu wa meneja ni uleule. Mwaka 1908 Dominga alijifungua mtoto wa pili wa kiume, na safari hii baba alikuwa mwendesha mkokoteni wa ng'ombe kutoka Visiwa vya Kanari, mtu mweupe wa macho ya kijani. Mtoto akachukua rangi ya baba yake, na jina la ukoo la baba yake. Ndugu wawili wa tumbo moja, walionyonya titi moja, mmoja mweusi tititi na mwingine mweupe. Pale kambini hakuna aliyeshangaa. Wanawake walimtania tu mama yao kisimani.

"Wewe Dominga, tanuri moja, mikate miwili?"

"Mmoja niliusahau motoni," akawajibu. "Ndio mtamu."

Marehemu alisoma shule ya kiwanda hadi darasa la nne. Mwalimu wake aliamini kwamba mkono wa kushoto ni wa shetani, akawa anaufunga kwenye dawati kwa utepe wa nywele. Hivyo marehemu aliandika kwa kulia, akala kwa kulia, akasalimia watu kwa kulia mpaka mwisho wa maisha yake. Kurusha mpira hakufundishwa na mwalimu, na hapo ndipo mkono wa kushoto ulipopata kazi. Mpira wenyewe ulikuwa kizibo cha chupa kilichozungushiwa uzi na kitambaa. Mdogo wake alikuwa bado mdogo mno kupewa gongo la kupigia mpira, basi akawekwa nyuma ya mpigaji, achuchumae adake, na glavu aliyoshonewa na mama yao kutokana na gunia. Akaipenda nafasi ile. Hakutaka tena nyingine.

Watoto mlioko hapa msiojua besiboli, jueni hivi. Mdakaji huchuchumaa akimtazama mrushaji, na kwa vidole vyake, chini ya goti, humwambia arushe mpira gani: wa moja kwa moja, wa kupinda, au wa polepole. Mrushaji akikubali, anarusha. Asipokubali, anatikisa kichwa. Marehemu alisema kwamba kwa mdakaji wake huyu alitikisa kichwa mara chache sana, na kila alipotikisa alijuta.

Mwaka 1925 alichukuliwa na timu ya Simba wa Oriente, ambayo haikuwa na mchezaji hata mmoja kutoka mkoa wa Oriente, akaja Marekani kucheza katika ligi za weusi. Alicheza huko kila kiangazi hadi mwaka 1943. Walisafiri kwa basi, wakalala ndani ya basi, wakala mkate na dagaa wa kopo ndani ya basi, kwa kuwa katika miji mingi hakuna mlango uliofunguliwa kwa ajili yao isipokuwa wa uwanja. Alisifika kwa mpira wa kupinda ambao wapigaji waliuita "mpangaji mbaya", kwa sababu ulikuwa unahama bila kuaga. Baridi ikianza alirudi Havana, ambako weusi na weupe walicheza pamoja, na huko, tangu mwaka 1927, mdakaji wake alikuwa mdogo wake. Kipindi cha baridi walikuwa ndugu. Kisha mwaka 1931 mtu wa kutafuta wachezaji alitoka Marekani, akamtaka mdogo wake kwa timu ya wazungu. Alimwuliza kama ana damu nyeusi. Mdogo wake akasema hana, akatoa jina la baba yake. Kuanzia hapo, kiangazi kikifika, kila mmoja alipanda meli yake.

Bi Fermina ametaka kisa kimoja kisomwe kikamilifu, nasi tunakisoma.

Tarehe 9 Juni 1934, siku ya Jumamosi, Simba wa Oriente walikuwa wamekodi uwanja katika mji mmoja wa Georgia. Ndivyo mambo yalivyokwenda siku hizo: timu ya wazungu ikiwa safarini, mwenye uwanja anaukodisha kwa weusi, na bafu analifunga kwa kufuli. Mdogo wake alikuwa mchezaji wa timu hiyo ya wazungu. Msimu mzima ndugu wawili walikuwa wanakanyaga vumbi la uwanja mmoja bila kukutana. Lakini siku ile mafuriko yalikuwa yamekata barabara, safari ya wazungu ikaahirishwa, nao kwa kukosa la kufanya wakaja kutazama. Walikaa safu ya mbele ya jukwaa lao, mdogo wake akiwa katikati yao.

Marehemu alianza vibaya. Mdakaji wao wa siku zote alikuwa anaumwa, na kijana aliyeshika nafasi yake aliomba mipira isiyofaa. Wapigaji wakaichapa mipira yake walivyotaka. Akainua macho, akaona pale jukwaani mkono wa mdogo wake uko chini ya goti, na vidole vinasema: wa kupinda, chini. Mdogo wake hakukusudia. Mkono ulifanya tu ulichozoea, kama mwanamke anayeanza kuyumba akisikia mtoto wa jirani analia. Marehemu akarusha wa kupinda, chini. Mpigaji akapiga hewa.

"Unarusha nisichoomba!" yule kijana akamfokea. "Utanivunja vidole, bwana!"

"Daka tu," marehemu akamwambia. "Usiombe."

Akaendelea hivyo raundi baada ya raundi, akifuata vidole vya mtu aliyeketi mahali ambapo yeye mwenyewe asingeruhusiwa kuketi, na hakuna mpigaji aliyemgusa. Alimwambia Bi Fermina kwamba hakuwahi kufurahi hivyo Marekani. Hatimaye mmoja wa wale wazungu aliona.

"We Mkuba, unamwonyesha nini yule mweusi? Mnajuana?"

Marehemu alikuwa anarudi kwenye benchi, amefika karibu na uzio. Alikisikia Kiingereza kile vizuri. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Namfahamu tu kutoka nyumbani," mdogo wake alisema. "Mama yake alikuwa akitufulia nguo."

Mkono ukatoka gotini, ukaingia mfukoni. Simba wa Oriente walishindwa siku hiyo.

Baridi ilipoanza walirudi Havana, timu moja kama kawaida. Marehemu hakumgombeza mdogo wake. Alimrushia mpira. Mazoezini na mechini alimrushia kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia kwa mpinzani yeyote, hadi kiganja cha yule kikaumuka kama donge la unga. Mdogo wake hakulalamika wala hakuomba kupumzishwa. Mkesha wa Krismasi walikwenda Santa Aurelia kwa mama yao. Nguruwe alikuwa mezani, na wali na maharage meusi, na Dominga akauona ule mkono.

"Nani kakufanya hivi?"

"Kaka."

"Ulimfanya nini?"

Mdogo wake akauficha mkono chini ya meza.

"Haya, kula kwa mkono mwingine," Dominga akasema, akamwongezea muhogo.

Bi Fermina alikuwepo, Obdulia mapajani, na maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Marehemu akamkanyaga mguu chini ya meza. Dominga alifariki mwaka 1938 bila kuambiwa. Usiku ule wa mkesha, njiani, marehemu alimwambia mkewe, "Kwanza hakusema uongo. Si kweli mama alimfulia?" Akacheka peke yake. Bi Fermina hakucheka, na anasema mpaka leo haoni cha kuchekesha.

Tumetangulia mbele ya ndoa, basi turudi. Marehemu alikutana na Fermina Armenteros Februari 1929 katika ukumbi wa chama chetu, kwenye dansi. Alikuwa mchezaji mbovu wa dansi, na aliomba radhi kwa kila hatua kabla hajaikosea. Fermina alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sigara, wa kutoa vishina kwenye majani ya tumbaku. Baba yake Fermina alimwita kijana sebuleni.

"Kazi yako nini?"

"Narusha mpira, mzee."

"Na ukishaurusha?"

"Wananirudishia."

Mzee hakuona kazi hapo, lakini akaona kijana asiyekasirika upesi. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1930, wakapanga nyumba mtaa huu huu ambamo jeneza limetoka leo. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Obdulia, Februari 1932.

Bega la marehemu liliisha mwaka 1943. Aliingia kiwanda cha sigara, akajifunza kukunja sigara, na mkono wa kushoto ukajifunza upole. Mwaka 1947 ligi za wazungu zilipoanza kufungulia weusi mlango, watu walikuja nyumbani kumpongeza kana kwamba ameingia yeye. Aliwapa kahawa wote. Walipoondoka alivisuuza vikombe, akavipanga, akaenda kulala. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Mdogo wake alihamia Tampa mwaka 1942 na mke na watoto, akafungua duka ng'ambo ya mto. Huko anahesabiwa mzungu. Ana binti wawili wanaosoma na wazungu, na mkubwa amechumbiwa. Sheria za hapa mnazijua: jina moja likitamkwa mahali pasipotakiwa, wale wasichana wanapoteza shule, mchumba na mtaa wa kukaa. Marehemu alilielewa hilo kuliko yeyote. Akiulizwa kama ana ndugu hapa mjini, alijibu, "Nina dhumna." Kwa maana kila Alhamisi jioni mdogo wake alikuja, kwa mlango wa nyuma, na mkate wa Kikuba kwapani, wakacheza dhumna jikoni. Kwake walijua yuko kwenye kikao.

"Weka jiwe, bwana, wenzako tunazeeka," marehemu alikuwa akimwambia.

"Nafikiri, kaka."

"Ulipokuwa unachuchumaa ulifikiri haraka. Kiti kimekuharibu."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, mwaka baada ya mwaka, wala hakuna aliyemsikia mmoja wao akiutaja ule mji wa Georgia. Bi Fermina aliwapikia kahawa na kuwapa mgongo. Anataka isemwe wazi kwamba hakumchukia shemeji yake. Alitaka kitu kimoja kwake, na bado anakitaka: kwamba siku moja, angalau mara moja, aingie kwa mlango wa mbele na aseme huyu ni ndugu yangu, watu wasikie.

Oktoba mwaka jana moyo wa marehemu ulianza kushindwa. Miguu ilivimba, akashindwa kulala chali, na mwezi Februari akalazwa katika hospitali ya weusi. Alhamisi ya kwanza mdogo wake alifika wodini, na wagonjwa wote wakageuka kumtazama, mzungu mwenye kofia mkononi. Nesi alimzuia mlangoni.

"Wewe ni nani wake?"

Mdogo wake akaizungusha kofia mkononi. Bi Fermina alikuwa kando ya kitanda, akimtazama mdomo.

"Naleta mkate," akasema.

"Mwache apite, sista," marehemu akaita kutoka kitandani, kwa pumzi iliyokuwa imebaki. "Huyo ni mleta mkate wangu. Hodari sana, hakosi Alhamisi."

Alipoondoka, Bi Fermina alimwinamia mumewe. "Ukifa nitalitaja jina lake mbele ya kanisa zima."

"Usimtaje."

"Leoncio, anakuona unakufa na anajiita mleta mkate!"

"Usimtaje, Fermina. Wale watoto hawana kosa. Akitaka kutajwa, ana mdomo."

Aliomba arudishwe nyumbani, akarudishwa. Alifariki Jumanne tarehe 9 Machi 1954, asubuhi. Bi Fermina alikuwa amekaa karibu naye akimenya chungwa. Alipoona ameondoka, alimaliza kulimenya, akalila lote, kwa sababu hakujua kinachofuata. Kisha akamwita Obdulia. Tangu hapo amepiga pasi, amepika, amepokea wageni, na anasema ni kama mkono uliolaliwa: anaona ni wake, lakini hausikii.

Jana ilikuwa Alhamisi. Marehemu alikuwa amelazwa sebuleni, na nyumba ilikuwa imejaa watu wa chama na wachezaji wa zamani. Alasiri mlango wa nyuma ukagongwa. Mdogo wake aliingia na mkate, akauweka mezani, akavuta kiti chake kilekile.

"Shemeji," Bi Fermina alimwambia, "maiti yuko sebuleni. Hayuko jikoni."

"Kuna watu."

"Ndiyo. Wamekuja kumuaga."

Akautazama mlango wa sebuleni. Sauti za wanaume zilisikika upande wa pili, wakibishana kwa upole kuhusu mechi fulani ya zamani. Aliziacha zibishane. Halafu akaona karatasi za Obdulia mezani.

"Mnaandika?"

"Tumeandika yote mpaka orodha ya jamaa aliowaacha."

"Na mimi?"

"Wewe je?"

Mdogo wake alikuwa ameweka mkono chini ya goti, na vidole vilikuwa vimetulia tu. Obdulia, ambaye amemwita baba mdogo jikoni tangu utotoni na hajawahi kumwita hivyo barabarani, alimmiminia kahawa. Hakuigusa.

"Kesho nitakuja," akasema mwishowe.

"Kwa mlango gani?" Bi Fermina akamwuliza.

Akavaa kofia, akatoka alikoingilia.

Marehemu ameacha mjane, Bi Fermina Armenteros wa Zulueta. Ameacha binti, Obdulia, mkwe, Evaristo, na mjukuu wa kiume, Anselmo, ambaye bado hajaota meno. Ameacha Simba wa Oriente walio hai, na leo wako hapa, wanne.

Ameacha pia ndugu mmoja wa tumbo moja.

Hapa Obdulia atanyamaza kidogo. Jina halikuandikwa, wala hatalisoma, na Bi Fermina ametimiza alivyoagizwa. Wabeba jeneza ni watano: wale wachezaji wanne na Evaristo. Mshikio wa mbele, upande wa kushoto, hauna mtu. Kama mwenye jina yumo humu ndani, na akilitamka kwa mdomo wake, mshikio ni wake, na hakuna atakayemwuliza kitu. Asipolitamka, tutaelewa. Bi Fermina amevaa viatu vya chini, ataubeba yeye.

Leoncio Zulueta, umerusha vya kutosha. Pumzika sasa, kwa amani.